Disston ya zamani, Sheffield ya zamani au msumeno mpya: feleji ipi itadumu?

SeremalaTanga
Wakuu, habari za kazi. Natafuta msumeno mmoja wa maana wa kukatia mninga, maana umeme wa karakana yangu ni wa kubahatisha. Kuna banda linauza vifaa vilivyotumika, nimeona mitatu: mmoja muuzaji anauita Disston D-8, ile ya Marekani, wa pili Spear & Jackson ya Sheffield, Uingereza, imejaa kutu, wa tatu mpya kabisa, mpini wa plastiki, meno yake meusi. Bei zinakaribiana. Nichukue upi?

MzeeRanda
Huo mpya uache. Meno meusi ni alama kwamba yamechomwa kwa umeme yawe magumu yenyewe tu, bapa lote likabaki vilevile. Yanakata vizuri, sitayasema vibaya, lakini siku yakifa yamekufa. Pitisha tupa ya pembetatu hapo: inateleza kama juu ya kioo, na itakayoisha ni tupa yako. Kisha ijaribu kwenye msumeno wa zamani. Utaisikia inauma, na unga wa chuma utabaki kwenye mistari ya tupa. Feleji ya zamani ina ugumu wa kama 50 kwa kipimo cha Rockwell, tupa inapita 60. Ndiyo maana misumeno ile babu aliinoa na mjukuu bado anainoa.

BiMvule
Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe, ila Disston inasifiwa kana kwamba feleji yake ilishuka mbinguni. Henry Disston alizaliwa Uingereza, akafungua karakana Philadelphia mwaka 1840, na alitegemea feleji ya kutoka Uingereza mpaka alipoanza kuyeyusha yake mwenyewe mwaka 1855. Ni feleji ileile ya kuyeyushwa kwenye vyungu vya udongo, njia ya Benjamin Huntsman wa Sheffield tangu miaka ya 1740. Kwa hiyo hiyo miwili ni ndugu.

Mimi huangalia bapa lilivyosagwa. Bana upande wa meno kwa kidole gumba na cha shahada, halafu bana mgongo karibu na ncha. Ukiwa mzuri, mgongo utauhisi mwembamba kabisa. Msumeno wa namna hiyo haubanwi na mbao, kwa hiyo meno unayapinda kidogo tu kushoto na kulia. Mfereji wa mkato unakuwa mwembamba, na kwenye mninga mkavu bega lako litaijua tofauti kabla ya saa sita.

SeremalaTanga
Asante dada, marahaba kwa niaba ya mzee 😀. Nimerudi bandani. Hiyo "D-8" nembo ya shaba kwenye mpini ina tai na maneno "Warranted Superior". Jina la Disston silioni.

MzeeRanda
Marahaba binti. Seremala, maneno hayo yaliwekwa na viwanda vingi, si jina la mtengenezaji. Inaweza kuwa nzuri, lakini usiilipie bei ya Disston. Yenyewe huandikwa jina. Ukikuta "Philada", yaani Philadelphia kwa kifupi, kwenye nembo, hiyo ni ya kabla ya 1917 hivi. Kiwanda kiliuzwa mwaka 1955, na za baada ya hapo mimi sichukui bila kuzipima kwanza.

KijanaMoshi
Kaka, kutu pia iangalie kwa makini. Mimi nilinunua mmoja nikaufurahia mpini wa mbao, kumbe kutu ilikuwa imechimba vishimo kwenye mstari wa meno. Nilipoanza kuyapinda, matatu yakakatika mkononi. Kutu ya juu juu haina shida, vishimo ndivyo adui.

SeremalaTanga
Nimeikwangua Spear & Jackson kwa wembe: chini yake ni kijivu safi, hakuna vishimo. Nikaikunja taratibu mpaka ncha ikakaribia mpini, nikaiachia, ikarudi imenyooka kama rula. Mgongo ni mwembamba kama alivyosema dada. Nimeichukua! Jioni napiga mafuta ya taa na msasa. Mzee, ina meno 8 kwa inchi, ninunue tupa gani?

MzeeRanda
Inchi 6, ile nyembamba. Na nunua mbili, mninga hauna huruma.