Mota ya msumeno na waya wa karakana ya nyumbani

Muulizaji (Nzuguni, Dodoma)
Ndugu wataalamu, habari za leo. Banda la gari nyuma ya nyumba nimelifanya karakana ya useremala, nikaweka randa ya umeme na msumeno wa meza wenye mota ya kilowati 2.2. Umeme ninauvuta kutoka soketi ya jikoni kwa waya wa milimita za mraba 2.5, umbali wa mita 30 hivi. Ninapowasha msumeno, taa ya bandani hufifia ilhali za ndani hazitikisiki, na mara nyingine breka ya ampea 20 hujikata. Fundi ameshauri tuweke ya ampea 32. Je, inatosha, au niombe TANESCO fezi tatu (umeme unaoletwa kwa nyaya tatu zenye moto badala ya mmoja)?

Mchangiaji wa kwanza
Ndugu, ushauri huo wa breka usiukubali. Breka ipo kuulinda waya, na ukiipandisha bila kubadilisha waya, siku msumeno utakapoelemewa na mbao mbichi, waya utaungua ukutani kabla breka haijashtuka.

Kwamba taa za ndani hazitikisiki ni dalili nzuri: umeme unaofika kwenye mita hauna tatizo, bali unapotelea njiani kwenda bandani. Mota hiyo hula ampea 14 hivi ikiwa kazini, lakini wakati wa kuanza huweza kuvuta mara 5 au zaidi, yaani ampea 70. Kwa waya wako hapo zinapotea takriban volti 31 kati ya 230, wakati waya wa milimita za mraba 6 ungepoteza 13 tu. Vuta laini ya pekee ya milimita 6 kutoka mein swichi (hapo ndipo breka ya 32 inapofaa), kisha bandani weka boksi dogo lenye breka tofauti za msumeno, soketi na taa. Taa zisichangie breka na msumeno, kwa maana ikijikata utabaki gizani na bledi bado inazunguka.

Mchangiaji wa pili
Naongeza suala la ethi (waya na fimbo ya chuma iliyozamishwa ardhini ili kupeleka huko umeme uliovuja), ambalo kwa udongo wetu wa Dodoma si la kupuuzwa. Fimbo iliyopimwa Machi ardhi ikiwa na unyevu huonesha majibu mazuri, lakini ifikapo Oktoba udongo umekauka na ukinzani (ugumu wa umeme kupita ardhini) umepanda sana. Pima kiangazi, na majibu yakiwa mabaya zamisha fimbo ndefu zaidi au ongeza ya pili mbali kidogo na ya kwanza. Soketi za bandani zilindwe pia na kifaa kinachokata umeme uvujao kwa miliampea 30.

Mchangiaji wa tatu
Fezi tatu haitakusaidia kwa sasa, kwani mota yako ni ya fezi moja. Subiri hadi utakaponunua mashine kubwa inayoihitaji. Kazi mpe fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji), naye akuoneshe vipimo vya ethi kabla hujamlipa.