Kusaga na kukunja spana namba 13 ifike pasipofikika: chuma kitabaki na nguvu?

MchapaNati
Wakuu, naomba maarifa. Nina nati nyembamba ya M8 (ya boliti ya kipenyo cha mm 8), ile ya kufungia nati nyingine, unene wake mm 4. Imejificha nyuma ya bano la kushikilia pampu. Nafasi ya kupitisha kichwa cha spana ni mm 5, na kichwa cha spana yangu ya mdomo wazi namba 13 kina mm 6.3. Juu ya hapo kuna bomba linalopita mbele, kwa hiyo mpini nao lazima ukunjwe kama nyuzi 25, sentimita 4 hivi kutoka kichwani.

Spana ninazo mbili za ziada, zimeandikwa Chrome Vanadium. Vifaa: grenda ya mm 115, jiliwa, tochi ya gesi ya propani, kalipa, tupa, mashine ya kuchomelea ya fito.

Ninachotaka kujua: nikiisaga itakuwa laini? Nikishaikunja kwa moto niitie majini au mafutani? Halafu kuna boliti ya M8 ya Allen (yenye tundu la pembe sita, ufunguo wa mm 6) pembeni yake ambayo ufunguo hauingii kwa sababu mguu mfupi ni mrefu mno, na nina wazo la kuchomelea soketi kwenye nondo nipate mpini wa T. Lipi linawezekana na lipi niachane nalo?

TupaBapa
Unene ndiyo kazi nyepesi, anza nayo. Taya za mdomo wazi zinapobana nati zinasukumwa zipanuke, na uwezo wa kuhimili msukumo huo unapungua sawa na unene ulioondoa. Ukitoka mm 6.3 hadi 4.5 umebaki na kama asilimia 70 ya nguvu. Kwa nati ya kufungia inatosha. Usishuke chini ya mm 4, utakuwa unanunua nafasi usiyoihitaji kwa kuuza taya.

Saga kichwa tu, mpini uache. Paka wino wa kalamu nzito pande zote mbili ili uone unakosaga. Funga spana kwenye jiliwa kwa mpini, weka vipande vya mbao au alumini kwenye meno ya jiliwa. Tumia diski ya vipande vya msasa, namba 60 kwanza kisha 120. Pitisha sekunde tatu hadi tano, chovya kichwa majini, pima, rudia. Ondoa kama mm 0.9 kila upande ili kichwa kibaki katikati ya mpini. Ukisaga upande mmoja tu inawezekana, lakini kichwa kitakaa kando ya mstari wa mpini na kitapenda kuteleza ukivuta.

Pima kwa kalipa sehemu tatu: ncha ya kila taya, na shingo. Karibu kila mtu huishia na ncha nyembamba kuliko shingo kwa sababu diski hukimbilia ukingoni.

Mahali kichwa kinapokutana na mpini usiache ngazi kali. Iache iteremke taratibu kwa urefu wa mm 10 hivi. Kona kali ndiko ufa unakoanzia. Mistari ya mwisho ya msasa iende kwa urefu wa spana, isikatize.

Diski ya kukatia usiitumie kusagia kwa ubavu. Ni nyembamba, haikutengenezwa kubeba msukumo wa pembeni, hupasuka. Na chuma kikibadilika rangi kikawa buluu, hiyo spana itupe.

KalipaSitini
Naungana na TupaBapa kwa yote isipokuwa sentensi yake ya mwisho.

Rangi ya buluu ni kama nyuzi 300 za Selsiasi. Kwenye patasi au tupa ni msiba kweli, kwa sababu vyuma hivyo huachwa na ugumu mkubwa na vilipunguzwa ugumu kwenye nyuzi 200 na kitu. Spana ni tofauti: kiwandani hupunguzwa ugumu kwenye joto la juu zaidi, nyuzi 400 na kuendelea, maana inatakiwa iwe ngumu ila isivunjike. Kivuli cha buluu kikipita juu yake hakijaondoa kitu. Cha kuogopa ni rangi ikivuka buluu ikawa kijivu, au ncha ya taya ikaanza kuwaka wekundu mbele ya macho yako. Hapo imelainika, na taya itapanuka siku ya kwanza.

Keekee za chuma cha kasi (HSS) ndiyo zaidi: zinavumilia nyuzi 500 bila kulainika, na kuzizamisha majini zikiwa zimewaka ni vibaya kuliko buluu yenyewe, zinapata nyufa zisizoonekana. Kwa hiyo kabla ya kuamua kifaa kimekufa, jua kwanza ni chuma gani.

KaaLaMoto
Kukunja sasa.

Kwanza ondoa mchovyo wa kromu kwa msasa kwenye sehemu yote itakayopata moto, pamoja na sentimita 2 za ziada kila upande. Usichome mchovyo, moshi wake ni sumu, na magamba yake yakibanduka hukata kama wembe. Fanyia kazi nje au mlango ukiwa wazi.

Tochi ya propani peke yake hewani inaweza isifikishe joto, kwa sababu spana inanyonya moto na kuupeleka mpinini. Panga matofali mawili au matatu ya tanuri yaliyo makavu kama pango dogo, elekeza moto ndani yake. Tofali lenye unyevu au kipande cha zege usiguse, maji ya ndani yakichemka hulipuka.

Kichwa kikinge. Kizungushie kitambaa kilicholowa na kukamuliwa vizuri. Nasisitiza kukamuliwa: tone moja likidondokea sehemu nyekundu, doa lile linagandishwa likiwa gumu na jepesi kuvunjika, na spana itakatika hapohapo.

Joto unalotaka ni wekundu unaoelekea machungwa, ukiutazama mahali penye kivuli. Ukiwa na sumaku, chuma kikiacha kuvutwa kiko kama nyuzi 770. Ongeza kidogo juu ya hapo. Pasha urefu wa sentimita 3 au 4, si nukta moja.

Usikunje kwenye ukingo wa jiliwa. Zungusha juu ya kipande cha bomba chenye kipenyo cha mm 25 hivi kilichobanwa pembeni. Vuta taratibu, usigonge. Wekundu ukififia kuwa wa giza, acha, rudisha motoni. Wanaovunja spana hapa ni wale wanaolazimisha nyuzi tano za mwisho chuma kikiwa kimeshapoa.

Kuhusu maji au mafuta: si maji, si mafuta. Iache ipoe hewani pasipo upepo. Chuma cha kromu na vanadi kikitiwa majini kikiwa chekundu huwa kigumu kama glasi, na mara nyingi hupata ufa. Mafuta yangekupa ugumu, lakini baada ya hapo inabidi uurudishe chini kwa nyuzi 400 na zaidi kwa joto la sawasawa, na oveni ya jikoni haifiki huko. Mpini uliopoa hewani utakuwa laini kidogo kuliko ulivyokuwa. Kwa kazi ya M8 haitajalisha. Usije tu kuvika bomba kwenye huo mpini kuurefusha.

MchapaNati
Nimewaelewa sana. Ni kipi kinatangulia, kusaga au kukunja? Na nitajuaje inahimili kabla sijaingiza mkono kwenye ile nafasi?

TupaBapa
Kunja kwanza, kichwa kikiwa bado kinene. Chuma kingi hupoza vizuri zaidi, kichwa hakitapata joto haraka. Ukikunja halafu ukaona mkunjo umekaa vibaya, hujapoteza kazi ya kusaga. Kuhusu rangi, KalipaSitini ana haki kwa spana. Mimi bado nachovya majini kila mara, hainigharimu kitu.

Kujaribu ni rahisi. Funga boliti ya M8 kwenye jiliwa ikiwa imelala, kaza nati juu yake isizunguke, ingiza spana mpini ukiwa usawa wa sakafu. Ning'iniza ndoo yenye maji lita 10 kwenye mpini, sentimita 15 kutoka katikati ya nati. Hiyo ni nguvu ya mzunguko ya karibu Nm (nyutoni-mita) 15. Nati nyembamba ya kufungia haihitaji zaidi ya hapo. Kwa kulinganisha, boliti ya M8 ya daraja la nguvu la 8.8 yenye nati kamili hukazwa kama Nm 25, yaani kilo 17 kwenye umbali huohuo.

Kabla ya kuning'iniza pima mwanya wa mdomo kwa kalipa, pima tena baada ya dakika moja ya mzigo. Ukiwa umeongezeka na haujarudi, hata kwa mm 0.1, taya zimelegea. Simama pembeni, si mbele ya mpini.

FitoKavu
Boliti ya Allen: fupisha mguu mfupi wa ufunguo, basi. Tundu la boliti ya M8 ya Allen halina kina kirefu, kama mm 4 tu, kwa hiyo mguu ukibaki na mm 10 baada ya kona unatosha. Msumeno wa chuma utateleza, ufunguo ni mgumu kuliko unavyodhani. Kata kwa diski ya mm 1, gusa-acha, gusa-acha, na maji karibu. Tofauti na spana, huu ukibadilika rangi umelainika, hivyo saga mm 1 ya ncha hadi upate chuma cheupe. Ncha iwe bapa na pembe zote sita ziwe kamili. Usiichonge kuwa ya duara, utakula tundu la boliti. Kipande kilichokatwa usikitupe. Kikiwa na mm 25 kinaingia kwenye soketi ndogo namba 6 na umepata biti fupi.

Soketi na nondo: ningeacha. Ukiichomelea hivihivi, chuma kilicho kando ya mshono hupoa ghafla kwa sababu kilichobaki ni baridi, kinakuwa kigumu na chenye ufa, na ufa huo hauuoni. Siku ukivuta kwa nguvu soketi inang'oka nzima na ngumi yako inaishia kwenye chuma.

Njia safi ni kuchonga mraba mwenyewe. Chukua fito ya duara ya mm 14, ncha moja ichongwe kwa tupa iwe mraba wa mm 9.5 kwa urefu wa mm 12, soketi ya robo tatu ya nusu inchi inaingia.

KalipaSitini
Robo tatu ya nusu inchi ni namna ya ajabu ya kusema tatu kwa nane ya inchi (3/8), ila hesabu iko sawa. Mm 14 ni sahihi kwa sababu mraba wa mm 9.5 una mshazari wa mm 13.4, ukianza na fito ya mm 12 pembe zitakosekana na mraba utazunguka ndani ya soketi. Saga upande mmoja, pima, kisha upande wa pili ulio mkabala, ndipo ugeuze nyuzi 90. Wanaozunguka fito pande nne mfululizo humaliza na msambamba. Toboa mm 8 upande wa juu, pitisha fito ya mm 8 iwe mkono wa T. Kama ni chuma laini cha kawaida usikitumie kwa boliti iliyozidi M8, mraba utajisokota.

FitoKavu
Ndiyo, hivyo. Na kwa atakayeamua kuchomelea hata hivyo: saga kromu yote upande wa kuingizia mraba, pasha soketi na nondo nyuzi 200 hadi 250 (tone la maji likirushwa juu linarukaruka na kupotea), tumia fito za kuchomelea aina ya E7018 za mm 2.5 zilizokaushwa, ampea 80 hadi 90, mshono mfupi mfupi ukipishana pande. Ukimaliza zika kazi yote kwenye majivu makavu hadi uweze kuishika kwa mkono. Fito zilizokaa kwenye unyevu zinaingiza haidrojeni kwenye mshono, na ufa wake unaweza kutokea kesho yake, kifaa kikiwa kimetundikwa ukutani.

KaaLaMoto
Moja zaidi kuhusu grenda, kwa kuwa uzi huu utasomwa na wengi. Kinga yake msiitoe ili mpate nafasi. Kuna wanaoitoa wavishe diski kubwa ya mm 230 kwenye grenda ndogo. Diski hiyo ukomo wake ni mizunguko 6,600 kwa dakika. Grenda ndogo huzunguka 11,000 au zaidi. Haihitaji maelezo mengine. Kama kona haifikiki, tumia mkanda wa msasa au tupa ya duara.

MchapaNati
Mkunjo umekaa, taya zina mm 4.5 ncha na 4.6 shingoni, mwanya wa mdomo haukubadilika baada ya ndoo. Spana inaingia. Ila sehemu niliyotoa kromu imeshaanza kutu usiku mmoja, nipake nini?

TupaBapa
Safisha kwa msasa namba 240, futa mafuta yote kwa spiriti. Pasha polepole hadi kiganja hakivumilii kushika lakini chuma hakijabadilika rangi, pakaa mafuta ya kitani kwa kitambaa, tabaka jembamba sana, rudia mara tatu. Kitambaa ulichotumia kitandaze nje kikauke kikiwa wazi, usikikunje ukakitupa kwenye pipa: mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hujiwasha chenyewe. Ndani ya taya usipake kitu. Na kwa kuwa namba 13 umeisaga, iandike upya mpinini kwa rangi.