Ujerumani muhula wa Oktoba: wiki za kwanza chuoni nianze na lipi?

Ziwani_Kwetu:
Wakuu, heshima kwenu. Nimepata nafasi ya uzamili Ujerumani, masomo yanaanza Oktoba. Viza ninayo, pesa ziko Sperrkonto (akaunti iliyozuiliwa ya pesa za kujikimu), chumba nimepata hosteli ya Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi. Chuo kimetuma orodha ndefu: manispaa, benki, bima, kibali cha kuishi, mitihani. Nikisoma naona kila ofisi inadai karatasi ya ofisi nyingine. Nianze wapi? Na nitembee na pesa kiasi gani? Umri wangu ni miaka 27.

Fundi_Karatasi:
Hongera sana mkuu. Anza na chumba, maana mengine yote yanategemea hapo. Siku ya kukabidhiwa funguo, usiondoke bila karatasi inayoitwa Wohnungsgeberbestätigung, yenye saini ya mwenye nyumba na tarehe uliyohamia. Mkataba wa pango hautoshi badala yake, manispaa watakurudisha. Ukiwa nayo pamoja na pasipoti, unakwenda kujiandikisha, ndiyo Anmeldung yenyewe. Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie. Miji ya vyuo hujaa wageni mwezi Oktoba na miadi huisha haraka, kwa hiyo kama manispaa yako inaruhusu, weka miadi mtandaoni kabla hujapanda ndege.

Kuna jambo dogo linaloangusha wengi: jina kwenye kisanduku cha barua. Kule mtu wa posta anaangalia jina, na kwenye jengo la vyumba vingi namba ya chumba peke yake haimsaidii. Namba ya mlipakodi yenye tarakimu 11, kadi ya benki, namba yake ya siri, kadi ya bima, vyote huja kwa barua, tena bahasha tofauti. Jina lisipoonekana, barua inarudi ilikotoka, nawe unabaki kulaumu benki. Bandika siku ileile jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo. Na kama umefikia kwa mtu, anwani ianze na jina lako, mstari unaofuata c/o na jina la mwenyeji.

Bi_Hesabu:
Naongezea upande wa pesa. Sperrkonto haifunguki yenyewe ukishafika. Wanataka IBAN, yaani namba ya kimataifa, ya akaunti ya kawaida ya benki, na baadhi yao wanataka pia hati ya Anmeldung. Wakiridhika ndipo wanaachia kidogo kidogo kila mwezi. Kwa kiwango cha euro 11,904 kwa mwaka kilichowekwa Septemba 2024, ni euro 992. Huku nyuma kodi ya kwanza ya chumba, dipoziti na mchango wa muhula havikusubiri. Kwa chumba cha hosteli, uwe na kama euro 1,500 nje ya Sperrkonto, sehemu kubwa ikiwa kwenye kadi inayofanya kazi Ulaya. Dipoziti kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za joto na maji, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu za kila mwezi.

Bima hapo usicheze. Ile ya safari uliyoombea viza haitoshi kusajiliwa chuoni. Kwa kuwa hujafika miaka 30, jiunge na bima ya umma kwa kiwango cha wanafunzi, karibu euro 150 kwa mwezi. Wenyewe watakitumia chuo taarifa kwa mtandao. Utakutana na bima binafsi za bei nafuu zinazokutaka usaini msamaha wa kutoka bima ya umma. Usisaini kwa haraka. Msamaha huo hauwezi kufutwa muda wote wa masomo yako, na ukiugua sana ndipo utakapoona walichokiacha nje ya mkataba.

Ikija barua ya Rundfunkbeitrag, mchango wa redio na televisheni za umma, si utapeli. Ni euro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi, na mnaoishi nyumba moja mnalipa mara moja tu mkagawana.

Mwl_wa_Maabara:
Mimi nagusa masomo. Kujiunga na kozi na kujiandikisha kufanya mtihani wake ni vitu viwili tofauti. Dirisha la mitihani hufunguka na kufungwa katikati ya muhula. Likikupita, unaweza kuhudhuria kila kipindi na bado usiruhusiwe kuufanya. Soma kanuni za programu yako uone mara ngapi unaruhusiwa kurudia. Kwingi unaufanya mtihani mara tatu kwa jumla, na ukifeli ya mwisho kwenye somo la lazima unaondolewa, wala chuo kingine cha Ujerumani hakitakupokea kwa fani ileile. Kujiondoa mtihanini kabla ya tarehe ya mwisho hakuhesabiwi kuwa umefeli. Alama 1.0 ndiyo ya juu, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kupita.

Ratiba ikisema 10 c.t., kipindi kinaanza 10:15. Ikisema s.t., ni 10:00 kamili.

Ziwani_Kwetu:
Asanteni sana. Na kazi za muda je?

Fundi_Karatasi:
Tangu Machi 2024 ni siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Nusu siku ni kazi ya muda usiozidi saa nne. Zamu yenye urefu wa saa tano tayari imekula siku nzima, kwa hiyo panga zamu ukijua hilo na uandike kila moja. Kazi ya msaidizi wa wanafunzi chuoni haihesabiwi kwenye hizo siku, itafute mapema kwenye mbao za matangazo za idara.

Kibali cha kuishi omba kama miezi miwili kabla viza haijaisha. Ukiomba ndani ya muda, unaendelea kuwa halali hata miadi ikichelewa. Hifadhi barua pepe ya kupokelewa kwa maombi.

Bi_Hesabu:
Na baridi ikianza, fungua dirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi asubuhi na jioni, kisha ulifunge. Ukianika nguo ndani na madirisha yamefungwa, ukungu mweusi unaota nyuma ya kabati, na gharama yake wataikata kwenye dipoziti yako.