Wakuu naomba ushauri, katiba ya mji wa kubuni imetugombanisha kikundi kizima

MkongeMbichi
Habari za jioni wakuu. Niko Tanga, Ngamiani. Tuko vijana saba tunaandaa mchezo wa kusikiliza, tunarekodi kwa simu halafu tunarusha kwenye magrupu ya wasapu.

Stori yenyewe ni hivi, shamba la mkonge limefungwa, tajiri kaondoka usiku na mishahara ya watu, waliobaki kambini wakaamua kujitawala wenyewe, wanajiita Jamhuri ya Korona. Korona ni ile mashine ya kuchakatia mkonge jamani, msianze kuniletea habari za barakoa.

Mimi ndo nimepewa kazi ya kuandika katiba yao maana sehemu ya tatu wanasomewa uwanjani. Ziko ibara 11. Za mwenyekiti, zamu ya maji, faini ya mbuzi akiingia bustanini, hizo hazina neno. Moto uko Ibara ya 4, nimeandika "Mwanakorona ni mtu ambaye yeye au mzazi wake alikuwa na namba ya kazi kabla shamba halijafungwa." Mi nikaona imekaa kihistoria kabisa, si unajua manamba walitoka kila kona, kina Bena, Wamakonde, Waha, hadi Burundi, kwahiyo kabila haliwezi kuwa kigezo, kigezo namba.

Juzi tunasoma kwa sauti, dada anayeigiza mama lishe akafika hapo akanyamaza. Akaikunja karatasi mara mbili akaiweka chini ya kikombe, akasema "kwahiyo mimi niliyewapikia uji alfajiri miaka yote hiyo sina namba, si mtu wa hapa?" Tukapiga makofi tukijua anaigiza vizuri. Kumbe mama yake mzazi alikuwa anauza chai kambini. Akaondoka na hajarudi, na wawili wamemfuata.

Sasa niifute hiyo ibara au? Na Ibara ya 11 nimeandika katiba haibadilishwi milele, nayo wanaipigia kelele.

KahawaChungu
Mji wenyewe Tanga, waja leo waondoka leo, halafu wewe unataka watu waje na namba 😂😂 andika mwanakorona ni yeyote aliyeshindwa kuondoka.

Mtendaji_Mstaafu
Kijana, nimekaa ofisi ya kijiji miaka mingi huko Muheza nikwambie kitu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 haimuulizi mtu babu yake alikuwa na namba gani. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, basi. Muuza chai yumo. Na mkutano huo ndo mkubwa kuliko halmashauri ya kijiji, halmashauri ina wajumbe 15 mpaka 25 lakini kwenye ardhi haiwezi kumgawia mtu mpaka mkutano mkuu ukubali, ipo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Nimeona wenyeviti wanaojisahau hapo wakaja kulia.

Sasa kwenye katiba yako nimetafuta mkutano wa watu wote sijauona. Una mwenyekiti, una kamati ya maji, una mlinzi wa ghala. Wananchi wanakutana lini? Sisi ilikuwa kila miezi mitatu, na akidi isipotimia unapiga kengele ya reli iliyoning'inia kwenye mwembe mpaka mkono unauma. Weka hiyo kwanza, Ibara ya 4 itajitatua, maana hao watu wakikutana watasema wenyewe mwenzao ni nani.

Bi_Raskazone
Shikamoo mzee. Napishana na wewe kidogo. Huyu haandiki katiba ya kijiji cha kweli, anaandika mchezo. Mwanangu MkongeMbichi USIIFUTE. Katiba nzuri isiyo na kasoro nani ataisikiliza? Iache wasomewe hivyo hivyo uwanjani, watu wapige vigelegele, halafu asubuhi yake mama lishe asiwashe jiko. Aseme yeye mgeni, na wageni hawapiki. Wacha jamhuri ishinde njaa siku mbili ndo waijue ibara yao.

Ila huyo binti mfuate kwao kwanza, tena uende na mtu mzima. Mchezo baadaye.

Mngoni_wa_Makorora
Mi swali langu lingine kabisa, hawa wanajitawala chini ya nani? Maana hata huku kwetu Ruvuma wazee walishajaribu, walianzia Litowa, vijiji vikafika 17 vimeungana, wanalima pamoja, wana shule yao, wanaamua mambo yao mkutanoni. Mwaka 1969 TANU ikauvunja ule umoja, na Nyerere mwenyewe mwanzoni alikuwa anawasifia. Hawakuanguka kwa uvivu wala kwa wizi, wakubwa wa mkoa na chama hawakupenda watu wanaoamua bila wao.

Kwahiyo katiba yako inasema nini siku gari ya serikali ikiingia kambini? Na mashamba ya mkonge mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha 1967, hilo lako la nani? Kama hati iko kwa tajiri basi hao wamejitangazia jamhuri juu ya kiwanja cha mtu.

KahawaChungu
Mngoni umeua sherehe.

Sheria_Mkononi
Kuhusu milele, ondoa mkuu. Hata katiba yetu ya 1977 ina Ibara ya 98 inayosema inabadilishwa vipi, theluthi mbili ya wabunge wote, na mambo mengine ya Muungano inatakiwa theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar, kila upande peke yake. Huo mtindo wa pande mbili ungekufaa sana, wenye namba theluthi mbili na wasio na namba theluthi mbili, hamna anayemmeza mwenzie. Ukiandika milele unawaachia njia moja tu ya kuibadilisha na hiyo njia inatumia panga la kukatia mkonge.

Mtendaji_Mstaafu
Marahaba Bi Raskazone. Umenishinda kwenye jiko. Lakini kengele aiweke.

MkongeMbichi
Wakuu nimerudi. Jana nilienda Mwakidila kwa kina yule dada na shangazi yangu. Mama yake katoka chumbani na daftari la madeni ya chai, kurasa zimekuwa za njano, majina hayaandikwi ila namba za kazi tu, yaani mama wa watu ana namba za kambi nzima isipokuwa yake. Nilikosa la kusema nikanywa chai.

Dada anarudi ila kwa masharti. Ibara ya 4 ya zamani inabaki mpaka sehemu ya tano kama alivyosema Bi Raskazone, halafu analileta hilo daftari mkutanoni na ibara mpya inasomwa na yeye: "Mwanakorona ni mwenye namba, au aliyemo kwenye daftari la mwenye namba, au mwenye daftari." Kengele ya mzee imo. Gari ya serikali nimeipeleka sehemu ya tisa.

Sheria_Mkononi
Safi, ila "aliyemo kwenye daftari" maana yake ni mdaiwa. Umeandika katiba ambayo ukilipa deni lako unafutwa uraia.

MkongeMbichi
Daah.

KahawaChungu
Usibadilishe hiyo 😂