Tupeane uzoefu: Safari ya barabara kwenda harusi ya ufukweni

Mangi Mdogo (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Leo nimeletewa kadi ya mchango ya harusi nyingine ya ufukweni, ya tatu ndani ya miaka minne, nikakumbuka ile ya kwanza nikacheka peke yangu ofisini mpaka bosi akachungulia. Nikaona tupeane uzoefu. Aliyewahi kupanda gari na ukoo mzima kufuata harusi baharini, aweke hapa.

Yangu: binamu yangu alioa binti wa Kibondei, kwao Muheza. Wenyewe wakaamua sherehe ifanyike Ushongo, kule kusini ya Pangani, ng'ambo ya mto. Sisi tunatokea Moshi. Mpaka Tanga tu ni kama kilomita 350, halafu bado Pangani. Tukakodi Koasta moja ya vijana na akina mama, na Noah moja ya wazee. Ijumaa saa kumi na moja alfajiri tupo barabarani.

Mizigo sasa. Sare za kitenge, masufuria, madumu manne ya mbege, pombe yetu ya Kichaga, na beberu mmoja mzima wa ndafu, yaani wa kubanikwa bila kukatwa vipande. Baba mkubwa alikataa katakata mbuzi asinunuliwe Tanga. "Mbuzi wa pwani anakula nini? Maboksi." Kwa hiyo beberu akatolewa Rombo, akafungwa siti ya nyuma juu ya turubai, na mimi nikapangiwa kukaa naye.

Wanaojua mbege wanajua kwamba ile kitu ni hai. Ndizi na ulezi vinaendelea kuchacha hata ukiwa umelala. Sasa kuna mtu alikaza vifuniko vya madumu kwa nguvu zote, eti isimwagike. Kufika Same, jua lile mnalijua, madumu yametuna kama mpira. Shangazi akasema legezeni taratibu. Kijana mmoja akalegeza kwa mkupuo. Mbege ilipiga dari la Koasta, ikarudi chini kwenye vichwa vya akina mama waliosuka juzi yake. Kuanzia hapo gari lilinuka kama kilabu. Mbele kidogo trafiki akasimamisha, akafungua mlango, akanusa, akafunga. Akamzungukia dereva na kipima ulevi. Dereva wetu ni Mpare mlokole, hajawahi kuonja hata togwa. Alipuliza huku anasali kwa sauti.

Basi, Korogwe, Segera, Muheza tukanunua machungwa, Tanga, vumbi la Pangani, kivuko mpaka Bweni (wakati huo hakuna cha daraja), magharibi tupo Ushongo. Mandhari nisiwadanganye, ilikuwa nzuri kupita picha.

Shida ikaja Jumamosi. Mapambo tulikuja na vijana wetu wa Moshi. Saa nne asubuhi wamefika ufukweni, bahari ipo kule mbali, mchanga mgumu umenyooka kama sakafu ya saruji. Wakapanga pale pale: meza kuu, viti vimevalishwa vitambaa, keki, zulia jekundu. Kulikuwa na mzee anashona nyavu chini ya mnazi. Akawaambia mara moja tu, "Wanangu, hapo ni mahali pa maji." Mkuu wa mapambo akamjibu, "Usijali mzee, tunafunga vizuri." Mzee akaendelea na nyavu zake.

Tumerudi kutoka kanisani Pangani mjini saa tisa na nusu. Maharusi wanaingia kwa matarumbeta, wimbi la kwanza likapita chini ya meza kuu. La pili likabeba viatu vya msimamizi, alivyokuwa amevua apumzishe vidole. Vitambaa vya satini vilinyonya maji mpaka magotini. Wanaume wanne wamebeba meza ya keki wanarudi kinyumenyume, wa tano anashikilia ghorofa ya juu isianguke. MC, Mungu ambariki, hakuachia maiki: "Na sasa ni zamu ya bahari kutoa zawadi!"

Leteni zenu.

Bi Mwani

Mimi wa Jambiani, na nyie watu wa bara mtatuua kwa kicheko. Mleta mada, niulize kitu. Siku hiyo ilikuwa mwezi mpevu?

Mangi Mdogo

Dada umejuaje? Bibi harusi alichagua tarehe kwa kalenda ya mwezi, alitaka picha za usiku zenye mbalamwezi.

Bi Mwani

Nilijua tu. Sikilizeni basi, maana hili huniuma kila mwaka. Mwezi ukiwa mpevu, na ukiandama pia, ndiyo huwa bamvua. Maji hujaa sana na hupwa sana. Na kwa upwa wetu huu, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa tisa, saa kumi alasiri, na alfajiri vile vile. Saa nne asubuhi ndiyo yamekupwa, mtu wa bara anauona mchanga anadhani kapewa kiwanja. Halafu kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo siku saba mbele mambo yamegeuka: maji mafu, alasiri yamekupwa, na hata yakijaa hayapandi kwa nguvu. Hapo weka hata meza mia.

Ila kwetu upande wa mashariki, maji yakipwa nako ni kwengine. Kuna harusi ilikuja hapa, watu wametoka Dodoma kwa basi, wakavuka na boti, wakapanda daladala. Kufika ufukweni hakuna bahari. Wapiga picha wanauliza iko wapi, tunawaonesha kule kwenye weupe wa mwamba. Nyuma ya bibi harusi tupo sisi na magunia, tunavuna mwani. Kwenye albamu yake mimi nimo, nimeinama.

Mzee wa nyavu alisema neno moja, na neno moja lilitosha. Kwetu mtu mzima hasemi mara tatu.

Suka wa Chalinze

Nimeendesha harusi hizi miaka kumi na moja, Koasta na basi kubwa. Wakuu nitasema machache maana nipo njiani.

Abiria wa harusi ni wagumu kuliko wa msiba. Wa msiba wananyamaza. Wa harusi kila kilomita thelathini wanataka kuchimba dawa, na akishuka mmoja wanashuka wote na simu, wanapiga picha kwenye mkonge. Halafu wanataka ufidie muda. Mimi nikanyage, kibao cha hamsini kipo kila kijiji, trafiki na tochi ya kupima mwendo yupo chini ya mwembe, faini ya elfu thelathini ni yangu siyo ya kamati.

Na wale wa Arusha na Moshi mnaokwenda Bagamoyo: mnakata kushoto Msata, lami mpaka Bagamoyo. Kuna Noah ya ukoo ilinipita pale na mapambo yake, sikuiona tena. Kumbe walinyoosha mpaka Chalinze, wakakamata njia ya Dar, wakaja kukwama kwenye foleni za Kibaha. Walifika wakati watu wanakunja viti.

Wa Athi River

Hamjambo majirani. Sisi tulikuwa tunatoka Nairobi kwenda Diani, magari matatu, bwana harusi akiwa kwa gari la katikati ili asipotee. Tulikuwa tumejipanga tule Mtito Andei, kwa sababu hapo ndipo nusu ya safari. Hatukufika. Tukikaribia Makindu, gari la bwana harusi likaanza kutoa moshi mbele. Paipu ya rejeta imepasuka. Fundi akaja na nduthi, akasema spea iko Emali, yaani tulikotoka.

Sasa mko na watu kumi na sita, watoto wanalia njaa, jua ni lile la Ukambani. Auntie mmoja akasema, twendeni kwa Singasinga. Kwa wasiojua, Makindu kuna hekalu la Masingasinga, la tangu 1926, na msafiri yeyote anaingia anakula bure. Hawakuulizi dini wala kabila. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa. Ukitaka kutoa sadaka unatoa.

Kufunika kichwa ndiyo ikawa sinema. Wanawake walikuwa na leso. Wanaume tukagawiwa zilizobaki. Msimamizi wa bwana harusi, mtu wa futi sita na ndevu, alikula dengu na chapati akiwa amejifunga leso ya waridi imeandikwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Hiyo picha ndiyo iliwekwa kwenye skrini siku ya harusi, si ya maharusi.

Fundi naye alikata tyubu ya baiskeli, akaifunga paipu raundi kama ishirini, akakaza na waya. Tulifika nayo Likoni saa nne usiku, tukavuka feri, tukafika Diani. Arusi ikaisha, gari likarudi Nairobi na hiyo tyubu.

Mwalimu wa Zamu

Mimi ndiye mnuna wenu wa leo, mnisamehe. Mnacheka, lakini hizi harusi zimekuwa kodi. Mchango laki moja, kadi ya watu wawili. Sare ya kitenge, kushona. Nauli Mbeya mpaka Bagamoyo kwenda na kurudi, vyumba usiku mbili. Nilipiga hesabu mshahara ukanitazama. Na njiani lori lilikuwa limelala Kitonga, tukakaa pale saa tano, mke wangu ameshavaa gauni kabisa kwa kuogopa kuchelewa. Gauni refu, mlimani, usiku, na anataka kujisaidia. Sitaeleza zaidi.

Harusi ya kwetu tulifunga kanisani, tukala wali ukumbi wa shule, tukalala kwetu. Ndoa ipo.

Wa Athi River

Mwalimu, lakini ulienda.

Mwalimu wa Zamu

Nilienda. Na niliingia baharini na suruali ya suti. Tuendelee.

Kidosho wa Usagara

Mbona hakuna anayeuliza la maana? Mleta mada, beberu alifika salama? Ndafu ililiwa au nayo ilichukuliwa na maji?

Mangi Mdogo

Nilitegemea mtasahau.

Naandika hili kwa sababu baba mkubwa hana simu ya intaneti. Pale Segera tulisimama kuchimba dawa kama alivyosema Suka. Mimi nikamshusha beberu naye apunge upepo. Nikafunga kamba kwenye bampa, nikaenda zangu nyuma ya kichaka. Nimerudi, kamba ipo, beberu hayupo. Tulimtafuta nusu saa mimi na yule kijana wa mbege. Tukamwona mara moja tu, mbali, anatembea kwa heshima zake kama mwenye shamba. Noah ya wazee ilikuwa imeshatangulia, Mungu mkubwa.

Muheza, wengine wakinunua machungwa, sisi wawili tulikuwa nyuma ya soko tunapatana bei ya beberu mwingine. Rangi zimekaribiana, pembe moja fupi kidogo. Tulichanga mfukoni mwetu. Akina mama wa Koasta waliona kila kitu, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyesema.

Usiku ule ufukweni, meza zimeshahamishiwa juu kwenye minazi, ndafu ikaletwa na majani mdomoni. Baba mkubwa akakata kipande cha kwanza, akatafuna taratibu, akafumba macho. Akachukua maiki kwa MC. "Wakwe zetu, karibuni. Mbuzi wa Rombo hajifichi."