FM za Mombasa zinaingia Konde usiku, mchana hola, kwa nini?

mtoto_wa_konde
Asalam aleykum wakuu. Huku kwetu Konde, kaskazini Pemba, bahari ikitulia, hasa wakati wa maleleji, usiku karedio kangu kananasa FM za Mombasa na siku nyengine hata za Dar, tena wazi kabisa, jua likipanda zinaanza kukwaruza mpaka zinapotea. Jirani anasema ile chumvi ya baharini ndo inavuta mawimbi. Kweli? Na nikifunga antena kubwa ntazipata mchana?

fundi_chake
Waaleykum salaam. Jirani kachanganya, hiyo ya chumvi ni habari ya AM. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko mchanga mkavu, kwa hiyo wimbi la AM linatambaa juu ya bahari masafa marefu. FM, ile 88 mpaka 108, inakwenda moja kwa moja na dunia ni duara. Mnara wa mita 100 unafika kama kilomita 41, antena yako ikiwa juu mita 9 unaongeza 12 basi. Sasa toka Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, hadi Mombasa ni kama 90, na Dar ndo usiseme.

nahodha_nungwi
Haya mbona anazipata?

fundi_chake
Hewa yakhe. Hewa kavu ya moto ikitoka bara ikalala juu ya hewa ya baharini yenye baridi na unyevu, wimbi likitaka kupanda linapindwa chini, linabanwa humo kama maji mferejini, na linakwenda mbaaali. Inataka utulivu, jua likipanda au kusi ikivuma hewa yote inachanganyika na mchezo umekwisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili rada iliyokuwa Bombay, ya megahezi 200, ilikuwa ikiona pwani ya Arabuni zaidi ya kilomita 2,000, bahari hii hii yetu. Antena ipandishe juu uielekeze Mombasa, itasaidia kiasi, ila siku hewa haijakaa sawa usitegemee Dar.

bi_wete
Mie kero yangu nyengine, usiku huohuo stesheni ya hapahapa inamezwa na ya Kenya, taarab inakatwa na matangazo ya sabuni 😂

fundi_chake
Zimegongana kwenye namba ileile dada, na FM yenye nguvu ndo inasikika, nyengine inazimwa kabisa. Jaribu kuigeuza antena au isogeze redio upande wa pili wa nyumba.