Hilux na matairi ya 285/70R17: je, yanaingia bila kuinua gari?

Mama Mpunga

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha ambayo nikishaitoa hairudi. Nina Toyota Hilux ya kebini mbili, ya dizeli, yenye matairi ya kiwandani ya 265/65R17 (yaani upana wa milimita 265, ubavu wa asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 17). Kazi yake ni kukusanya mpunga kwenye vijiji vya Mlimba na kuufikisha Ifakara, na mara mbili au tatu kwa mwezi hushuka nao hadi Dar es Salaam kwa lami. Kiangazi sina malalamiko. Masika yakiingia, udongo wa bonde la Kilombero hugeuka uji mweusi, malori hukata mifereji miwili barabarani, na gari langu hukaa kwa tumbo juu ya tuta la katikati huku matairi ya nyuma yakizunguka bure. Msimu uliopita nilikwama mara nne, na mara moja nililala njiani na magunia yangu.

Sasa kuna kijana ananiuzia rimu pana za inchi 17 kwa 9, zilizoandikwa ET0 kwa nyuma, pamoja na matairi manne ya 285/70R17 yenye meno makubwa, yaliyotumika kidogo. Anasema yanaingia moja kwa moja, kwa kuwa rimu zina matundu sita na Hilux ina stadi sita. Je, ni kweli? Je, ni lazima kuinua gari kwanza? Na je, kweli nitaacha kukwama?

Fundi wa Msamvu

Mama, shikamoo. Nimekuwa kwenye kazi ya magurudumu kwa muda mrefu, na wengi huniletea swali hili wakati matairi yameshafungwa na madigadi imeshachanika, kwa hiyo umefanya vyema kuuliza mapema.

Matundu sita peke yake hayathibitishi kitu. Stadi za Hilux yako zimepangwa kwenye duara la milimita 139.7, na kitovu chake (habu) kinataka rimu yenye tundu la katikati la milimita 106.1, vipimo hivyo viwili vithibitishe kwa rula kabla ya kuamini maneno ya mtu. Lakini kipimo kinachoharibu kazi mara nyingi ni hicho ulichokisoma nyuma ya rimu. ET ni umbali, kwa milimita, kati ya uso wa rimu unaokaa kwenye habu na mstari wa katikati ya upana wa rimu. Rimu ya kiwandani ya inchi 17 kwenye Hilux kwa kawaida ni ya upana wa inchi 7.5 na ET30. Ukifunga ya inchi 9 yenye ET0, ukingo wa nje utatoka milimita 49 zaidi ya ulipo sasa. Karibu sentimita tano kila upande, Mama. Gurudumu litatokeza nje ya madigadi, litarusha tope na mawe kwenye milango na kwa wanaokufuata, usukani utavutwa kila unapokanyaga shimo, na beringi za magurudumu zitabeba uzito kwa namna ambayo hazikukusudiwa.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Watu hudhani kwamba gurudumu likisogezwa nje linapata nafasi zaidi. Kwa upande wa ndani ni kweli, lakini tairi la mbele linapokatwa kona halizunguki palepale lilipo, bali huchora tao kuzunguka mhimili wake wa usukani. Kadiri lilivyo nje ndivyo tao linavyokuwa kubwa, na bega la tairi hufagia bampa kwa mbele na kile kikalio cha kebini kwenye chesesi kwa nyuma. Ndiyo maana tairi hilohilo la 285 likiwa kwenye rimu yenye ET30 hugusa kidogo tu, na likiwa kwenye ET0 hula plastiki yote ya ndani na kufika kwenye chuma.

Ukitaka kujua ukweli kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu kufunga magurudumu mawili tu ya mbele hapo hapo uwanjani. Paka chaki nene kwenye mabega ya tairi. Kata usukani mpaka mwisho kushoto, nenda mbele, rudi nyuma, kisha fanya hivyo kulia. Halafu pandisha gurudumu moja juu ya kifusi au ngazi imara ili springi ibonyee kabisa, na urudie kukata kona. Usisikilize tu kama kuna mlio. Ingiza kichwa kwenye madigadi na utafute mahali chaki ilipohamia. Gari likiwa tupu kwenye sakafu ya gereji halisemi ukweli, litasema likiwa na tani moja ya mpunga na shimo mbele yake.

Kuhusu kuinua gari: kwa 285/70R17 wengi huinua inchi mbili. Hilux tangu mwaka 2005 ina suspensheni huru mbele, kwa hiyo ukiinua unabadilisha pia pembe ya shafti za mbele na pembe za magurudumu, na usipofanya alaimenti upya tairi huliwa upande mmoja. Na ukumbuke kwamba nyuma ekseli ni moja ya chuma kizima. Springi ndefu zitanyanyua bodi na chesesi, lakini difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, itabaki pale pale ilipo. Kinachonyanyua difu ni tairi peke yake.

Dereva wa Kitonga

Naunga mkono yote aliyoandika Fundi, na ningependa kuongeza habari ya nati, kwa sababu ilikaribia kunigharimu maisha.

Nilibadilisha rimu za Hilux yangu kutoka zile za alumini za kiwandani kwenda rimu za kununua, na aliyenifungia alirudisha nati zilezile za zamani. Nati za rimu za alumini za kiwandani zina kitako bapa na washa; rimu nyingi za kununua zimechongwa tundu la mdomo wa koni, na zinataka nati yenye kitako cha koni kinachojikita kwenye mdomo huo na kuliweka gurudumu katikati. Nati bapa kwenye tundu la koni inagusa ukingo mwembamba tu. Inakaza, hata spana inakuambia imekaza, lakini haijashika.

Baada ya kilomita kama sitini usukani ulianza kutetemeka kwa mbali, nikadhani ni balansi. Mtetemo ulipohamia kwenye kiti nilisimama. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limebakiwa na nati nne, zote za moto kiasi cha kutoshikika, na kuzunguka kila tundu kulikuwa na vumbi jeusi linalong'aa, ambalo ni alumini iliyosagwa. Matundu mawili yalikuwa yamekuwa marefu kama yai. Nilikuwa nimebakiza mwendo mfupi kuanza kuteremka mlima Kitonga nikiwa na mzigo.

Kwa hiyo, Mama, rimu yoyote utakayochukua, tazama mdomo wa tundu lake na ununue nati zinazolingana nayo, zenye uzi wa Hilux ambao ni M12 kwa 1.5. Kaza kwa mkono kwanza, kwa kuruka nyota, kisha kwa spana yenye kipimo, na urudie kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Usikubali mtu akumalizie kwa mashine ya upepo.

Jambo la pili: anakuuzia matairi manne, lakini gari lina matano. Spea yako itakuwa ndogo, na ukiwa umeweka gari kwenye gia ya kuvuta kwa magurudumu yote manne huku moja likiwa na kipenyo tofauti, difu na gia zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Hata ukilipata la tano, pima kwanza kama litaingia chini ya bodi mahali spea inaponing'inia.

Mama Mpunga

Asanteni sana, wanangu. Habari ya nati sikuwahi kuisikia popote, na usiku ule ule nilitoka na tochi kuzikagua nati zangu. Nina maswali mawili zaidi. Kwanza, mjomba wangu anasema matairi makubwa yatanifanya nikamatwe na trafiki kwa mwendo kasi hata nikiendesha kwa adabu, na pia kwamba yatakunywa mafuta. Pili, hakuna aliyenijibu waziwazi: je, nitaacha kukwama?

Mhandisi Mstaafu

Mama Mpunga, mjomba wako yuko sahihi, na hesabu yake ni rahisi. Tairi lako la sasa lina kipenyo cha takriban milimita 776. La 285/70R17 lina milimita 831. Tofauti ni asilimia 7. Mita ya gari huhesabu mizunguko ya gurudumu, haijui urefu wa tairi. Hivyo kama leo mita yako inasema kweli, siku hiyo itaposema 50 kwenye eneo la makazi utakuwa unakwenda 53 na ushee, na itaposema 80 utakuwa unakaribia 86. Mita nyingi hutengenezwa zikionyesha mwendo mkubwa kidogo kuliko wa kweli, jambo ambalo litakusitiri kwa sehemu, lakini usiliamini bila kulinganisha na GPS ya simu. Kilomita nazo zitahesabiwa pungufu: ukibadilisha oili kila 5,000 za mita, injini itakuwa imetembea 5,350. Hapo pia ndipo panapotoka sehemu ya malalamiko ya mafuta, kwa kuwa mtu hugawanya lita kwa kilomita zilizopunjwa. Sehemu nyingine ni ya kweli kabisa, maana tairi la aina hiyo huwa na uzito wa zaidi ya kilo 20 na meno yake hukokota hewa na lami.

Kinachonihangaisha mimi zaidi ni breki na gia. Tairi kubwa ni sawa na kurefusha mkono unaoshindana na breki zako. Nguvu ya kusimamisha gari hupungua kwa kiasi kilekile cha asilimia 7, huku ukiwa umeongeza chuma na mpira vinavyozunguka. Kila gia inakuwa ndefu zaidi, na kwa gari tupu hutaiona tofauti, ila kwa gari lenye magunia, mlimani, utashuka gia moja mapema na klachi itajua.

Sasa kukwama. Tairi la 285/70R17 litanyanyua difu yako kwa milimita 27 tu, yaani nusu ya tofauti ya kipenyo. Mfereji uliochimbwa na lori una kina kinachozidi hapo mara nyingi. Mama, kinachokuvusha kwenye tope la mbuga ni meno yanayojisafisha na upepo uliopunguzwa. Tairi lenye psi 35 (psi ni kipimo cha upepo) hukanyaga udongo kwa kipande kifupi. Likiwa na psi 20 hivi hulala, kipande kinachogusa ardhi kinarefuka, na uzito uleule unagawanyika. Nimetoa magari mengi matopeni kwa kupunguza upepo bila kamba wala jembe. Sharti lake ni kuwa na pampu ya umeme ndani ya gari na kuurudisha upepo wote kabla ya kurudi kwenye mwendo wa lami, kwa sababu tairi laini lenye mzigo hupata joto ubavuni na kupasuka.

Ningekuwa wewe ningechukua 265/70R17 ya kundi la LT, yaani la malori mepesi, yenye meno ya kati yanayofaa tope na lami, kwenye rimu zako zilezile za kiwandani na nati zilezile. Kipenyo ni milimita 803, tofauti ya asilimia 3.4, na kwa Hilux nyingi huingia bila kuinua. Difu itapanda milimita 13. Ni kidogo, nakiri, lakini fedha inayobaki itanunua pampu, kamba nzuri ya kuvutia na tairi la tano.

Na hata kama utachukua yale ya kijana, soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi "lililotumika kidogo" linaweza kuwa na meno marefu na mpira uliokwisha kukauka.

Mama Mpunga

Nimerudi kwa kijana leo asubuhi. Matairi mawili yalisoma 3516 na mengine mawili 0917, na katikati ya meno kuna nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi. Nimemshukuru nikaondoka. Nimeagiza matano ya 265/70R17 ya LT. Swali langu la mwisho ni moja: nijaze upepo kiasi gani nikiwa na mzigo, maana kibandiko cha mlangoni kiliandikwa kwa matairi ya zamani?

Fundi wa Msamvu

Mama, tairi la LT huhitaji upepo mwingi zaidi kuliko la kawaida ili libebe mzigo uleule, kwa hiyo kibandiko kichukulie kama pa kuanzia na uongeze. Pima asubuhi likiwa la baridi, pakia, tembea saa moja kwa lami, simama upime tena. Likipanda zaidi ya psi 4 hivi, ulianza na upepo mdogo, ongeza. Likipanda chini ya hapo, ulizidisha. Andika namba hizo kwenye daftari, ya mbele na ya nyuma, ukiwa tupu na ukiwa na mzigo, na lile daftari likae kwenye gari. Siku matairi yatakapofika pitia Msamvu tuangalie chaki pamoja.